Alama ya Mume Wangu

"Habari mbaya nipeni mimi," Xavery alikuwa akijisifu mbele ya yeyote aliyekubali kusimama. "Nikishaitia mdomoni inatoka imeoga, imejipaka mafuta, na mwenye kuipokea ananikaribisha chai."

Na kwa muda mrefu hakuna aliyembishia. Katika Endagwasi, kituo cha biashara kilichojibanza kando ya barabara ya kwenda Dongobesh, hapakuwa na kijana mwenye mdomo kama wake. Alimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mwenyewe aliyatangaza hivi: "Somo la kutoka getini nilifaulu vizuri sana." Ndiye aliyetumwa kumwambia mwalimu Judith kwamba mbuzi wake amegongwa na lori la vitunguu saumu. Mwalimu alicheka kwanza, akalia baadaye, kisha akamgawia mleta habari mguu wa nyuma. Tangu siku hiyo Xavery alijiona ana kipaji ambacho wengine wote wilayani Mbulu walinyimwa ili yeye apewe cha kutosha.

Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, bado unanukia upya, na kila kituo chenye mashine ya kusaga na maduka mawili yaliyotazamana kilianza kujiita mji. Endagwasi nayo haikutaka kuachwa. Ghala la ushirika, lililobaki na panya peke yao tangu wanunuzi binafsi waje na malori yao, lilipigwa deki, likawekwa meza, likaitwa Ofisi ya Mji. Na nyuma ya meza akaketi Bwana Nikolausi, afisa wa ujenzi.

Bwana Nikolausi alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyejua utani hata ukimwonyesha kwa kidole. Shingoni alining'iniza futi ya kupimia kama daktari anavyoning'iniza mpira wake wa kusikilizia vifua. Watu hawakuchukua muda. Wakamwita Bwana Futi.

Sheria ndogo alizokuja nazo hazikuwa ngumu kuzielewa. Jengo lolote linaloangalia barabara kuu liwe na paa la bati, ukuta usio na ufa, na choo chenye mlango. Lisilo na hayo, mwenyewe anaambiwa kwa mdomo, mlangoni pake, na ukuta wake unachorwa X nyekundu. Anapewa mwezi mmoja arekebishe, au aende ofisini kuomba muda. Asipofanya hili wala lile, jengo linavunjwa. Ukirekebisha, X inafutwa na mnasalimiana kama kawaida.

Tatizo lilikuwa kwenye hiyo "kwa mdomo". Wiki ya kwanza Bwana Futi alikwenda mwenyewe. Mama mmoja alimfukuza na mwiko wenye uji wa moto, na mzee mmoja alimfungulia mbwa huku akisema "pole sana, sijui nani kamfungua." Wiki ya pili Bwana Futi akamwita Xavery.

"Nasikia wewe watu hawakupigi."

"Wananipiga, mkuu, ila wakiwa wanacheka. Mkono hauna nguvu."

Akapewa kikopo cha rangi nyekundu, brashi, na kazi.

Alianza na bucha la mzee Patriki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kikopo cha nini?"

"Nimekuja kulipamba bucha. Bwana Futi anasema ufa wa ukuta wako umekuwa mkubwa mpaka juzi wateja walipanga foleni pale, wakidhani ndilo dirisha la kuuzia."

Mzee Patriki alicheka mpaka kisu kikamtoka. Alipomaliza kucheka akauliza mwezi mmoja unaanza lini, na kabla haujafika nusu alikuwa ameziba ufa na kubadili mabati yote, maana akishaanza jambo hajui kuliachia njiani. Kwa Konsolata, mama lishe wa pale stendi, Xavery alisimama mbele ya choo ambacho mlango wake ulikuwa gunia la sukari.

"Dada Konsolata, mteja akiingia humu, sisi tulio nje tunasoma kilo hamsini. Mwenye kilo sabini anajisikiaje?"

"Toka hapa, shetani wewe!" Konsolata alimrushia kitambaa cha meza, lakini kesho yake fundi alikuwa anapiga misumari.

Hivyo ndivyo alivyopita mlango kwa mlango, na kila alipopita alama ilibaki ukutani na kicheko kikabaki hewani. Bwana Futi alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeona maji yanapanda mlima. Na Xavery alijisifu zaidi. Hakuangalia jambo moja dogo: wale wote, wakishacheka, walikuwa na mtu wa kumuuliza kama ni kweli, na miguu ya kuwafikisha ofisini.

Ukabaki mlango mmoja.

Bibi Marieta alikaa mwisho wa kituo, kwenye tembe la mwisho lililoangalia barabara. Lilikuwa tembe hasa, la kizamani, fupi, limeegemea kilima kama ng'ombe aliyechoka, na paa lake la udongo lilikuwa limeota majani ambayo mbuzi wa jirani waliyatazama kwa uchungu. Nguzo zake alizikata marehemu Akonaay, mume wake, kabla hata ya Uhuru. Na Akonaay mwenyewe alikuwa hapo hapo, nyuma ya nyumba, chini ya mawe na msalaba wa mti ambao bibi alifagia chini yake kila asubuhi. Kitanda cha bibi kilikuwa kimesukumwa hadi ukuta wa nyuma.

"Tumelala ukuta mmoja," alizoea kusema. "Yeye nje, mimi ndani. Katikati ni udongo tu. Nikigeuka usiku anasikia."

Mtoto wao pekee, Gaudensia, aliolewa mbali, kule Gendabi, chini ya mlima Hanang, na mara nyingi alimwomba mama yake ahamie kwake. Mama yake alimjibu kila mara kwamba atahama siku Akonaay atakapohama.

Sasa, Xavery alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, wiki ile ile Akonaay alipozikwa. Bibi Marieta, akiwa bado na macho mekundu ya msiba, alipelekewa kile kichanga akishike. Akakitazama, akasema, "Kumbe hakukaa sana huko. Mume wangu amerudi." Watu walicheka, kwa sababu ilibidi mtu acheke siku hiyo. Tangu hapo ukawa ndio mchezo wao. Bibi na mjukuu kutaniana ni desturi, na hakuna wa kuwazuia, lakini hawa wawili walizidisha. Kwa miaka yote ya maisha ya Xavery hawakuwahi kuzungumza jambo hata moja bila mzaha. Alipofeli alimwambia kwa utani. Alipougua malaria nusura afe, bibi alikuja akamwambia, "Safari hii ukienda bila kuniaga, nitaolewa na mwingine." Hapakuwa na mlango mwingine wa kupitishia maneno kati yao. Huo mmoja tu, na wote walijua kuufungua wakiwa wamefumba macho.

Basi Xavery alifika na kikopo chake. Bibi alikuwa mbele ya mafiga, anamimina mahindi kwenye kibuyu cha Gidabuday. Huyu Gidabuday alikuwa Mbarabaig wa makamo ambaye kila kiangazi alipitisha ng'ombe wake pale, akawanywesha kwenye kisima kilicho bondeni, nyuma ya tembe, na kubadilishana maziwa na mahindi. Kiswahili chake kilikuwa kichache na alikitoa kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Xavery alikuwa na mazoea ya kumchokoza.

"Mzee Gidabuday, shikamoo. Ng'ombe wako wamenisalimia nje kwa Kiswahili safi kuliko chako."

"Ee," alisema Gidabuday.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume asiye na ng'ombe. Leo umeleta mahari?"

"Nimeleta talaka." Xavery aliweka kikopo chini. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani na yalikuwa mazuri. "Ofisi imeniambia nyumba hii itavunjwa. Haina bati. Nimekupa mwezi mmoja, uweke bati au ufungashe vyombo."

"Niende wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi, wewe unayelala jikoni kwa mama yako na kuku?" Bibi Marieta aliangua kicheko, akapiga paja, mahindi yakamwagika nje ya kibuyu. "Umesikia, Gidabuday? Ananipa talaka halafu ananikaribisha kwa kuku!"

Gidabuday naye akacheka, akiwatazama wote wawili kwa zamu.

Xavery akajaribu tena. Safari hii alishusha sauti. "Bibi, ni kweli."

"Kweli yako naijua tangu unanyonya." Alimpuuza kwa kupunga mkono. Kisha akaona brashi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, lakini wekundu aliuona. "Na hiyo rangi?"

Hapo ndipo mdomo wa Xavery ulipofanya kile ulichozoea kufanya. Haukumuuliza mwenyewe. Ulifunguka tu.

"Nimekuja kukuwekea alama ukutani, wazee wa mjini wajue huyu mke ana mwenyewe. Wasije kuposa nikiwa safarini."

Bibi aliitazama tena ile brashi. Halafu akatabasamu kwa namna ambayo Xavery hakuwahi kuiona, tabasamu la msichana. Akainuka akishikilia nguzo, akatoka naye nje, akasimama kusimamia kazi. "Ichore kubwa," akasema. "Ichore mahali Konsolata ataiona akipita."

Akaichora. Ilikuwa X nzuri kuliko zote alizowahi kuchora.

Alipomaliza hakurudi ofisini. Miguu ilimpeleka kisimani, ambako Gidabuday alikuwa amekwisha kushuka na kuwapanga ng'ombe wanywe. Xavery alichuchumaa kando ya maji. Moyo ulikuwa umemjaa na alitaka kuumimina mahali, na hapa palikuwa na masikio ambayo, kwa hesabu yake, hayakuwa na tofauti na ya ng'ombe.

"Mzee," alisema, "ile nyumba wataivunja kweli. Si utani. Nimeshindwa kumwambia."

"Ee," alisema Gidabuday.

"Nilimwambia lakini hakusikia. Nikaongeza uongo juu yake. Umeona alivyofurahi?"

"Ee."

"Kesho. Kesho nitakuja na akili zangu, nimwambie vizuri. Kesho."

Gidabuday alimtazama kwa muda mrefu, kisha akapiga mluzi na ng'ombe wakaanza kupanda. Alfajiri yake alihama nao kuelekea nyanda za Hanang, kutafuta majani. Xavery alipanda kutoka bondeni akiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama, na kama wengi wanaotoka kuungama, alijisikia kazi imekwisha.

Kesho ilikuja. Alikwenda kweli. Alimkuta bibi amekaa nje chini ya ile alama, anawaonyesha akina mama wa jumuiya waliotoka kusali. "Hii kaweka mume wangu," alikuwa anasema. "Kaona naanza kupendeza." Xavery akasimama, akatoa mzaha mmoja, akapita.

Kesho nyingine ikaja. Mzee Patriki alimwita buchani, akamwonyesha mabati ya zamani aliyoyashusha. Yalikuwa na kutu pembeni lakini katikati mazima. "Haya yatafutie mtu," alisema. "Mwenye shida ayachukue bure." Xavery aliyahesabu kwa macho. Yangetosha. Akina mama wa jumuiya wangebeba, vijana wangepigilia, Jumamosi moja tu, na nyumba ingekuwa na bati, na X ingefutwa kwa shati lake mwenyewe. Lakini ili yabebwe ilibidi aeleze kwa nini, na ili aeleze ilibidi amwondolee bibi lile tabasamu. "Nitakujibu, mzee," alisema. Mzee Patriki alisubiri mpaka akachoka, akampa dereva wa lori aliyekuwa anajenga banda la nguruwe.

Konsolata ndiye aliyekaribia. Alikwenda kwa bibi na bakuli la maharage, akamwambia waziwazi, "Bibi, alama hii ni ya kuvunja. Hata mimi nilikuwa nayo chooni." Bibi Marieta akamcheka. "Yako ya choo ni ya ofisi. Yangu ni ya mume wangu." Konsolata akarudi stendi akamkamata Xavery kwenye kola.

"Wewe. Bibi umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akaelewa?"

"Dada, mimi ndiye ninayefanya kazi na Bwana Futi, siyo? Unadhani nitamwacha mke wangu avunjiwe? Tumeshapanga."

Konsolata alimwamini, na wengine wakamwamini Konsolata. Ikawa inajulikana Endagwasi nzima kwamba nyumba ya Bibi Marieta imelindwa na mtu wa ndani. Na Xavery, kwa kuisikia habari hiyo kila alipopita, alianza naye kuiamini kidogo.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia ilikuwa karibu na Krismasi. Bibi Marieta alifanya alichofanya kila mwaka: alichanganya udongo na samadi, akasiriba kuta zake upya, polepole, akipumzika kila mara kwa kuegemea ukuta ule ule. Alipofika kwenye X hakuifunika. Aliizunguka kwa kidole, kwa uangalifu, kama mtu anayemfuta mtoto uso akikwepa macho. Ukuta ukawa mpya wote, laini, na katikati yake ile X ikang'aa nyekundu kuliko siku iliyochorwa.

Bwana Futi alipopita kukagua alisimama mbele yake kwa muda.

"Xavery. Huyu mama amepata nguvu ya kusiriba nyumba nzima, na alama yangu ameiacha makusudi. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kwa maneno yote? Bati, mwezi mmoja, kuvunjwa?"

"Kwa maneno yote, mkuu."

"Akasema nini?"

Xavery alitafuta uongo na hakuupata. Ukweli ndio uliokuwa karibu. "Alicheka."

"Alicheka," alirudia Bwana Futi. Hakuwa mtu mbaya. Angekuja mtu yeyote kumwomba muda angempa, na alikuwa amewapa wengi. Lakini alikuwa amefukuzwa na mwiko, akafunguliwa mbwa, na sasa alikuwa anachekwa na ukuta. Akaikunja futi yake. "Basi. Baada ya sikukuu."

Hata hapo palikuwa na nafasi. Ilibaki Krismasi nzima. Xavery alikula wali wa sikukuu kwa Bibi Marieta, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akafungua mdomo si chini ya mara kumi, na kila mara kikatoka kichekesho. Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Wewe," alimwambia akijifuta machozi kwa upindo wa kanga, "Akonaay hakuwa anachekesha hivi. Huko alikokwenda walimfundisha."

Siku yenyewe ilipofika, Xavery alijituma mwenyewe Dongobesh. Alimwambia Bwana Futi kwamba ofisi imeishiwa misumari. Ofisi haikuwa imeishiwa misumari. Alizurura Dongobesh kutwa, akasimama kwenye duka moja mpaka lingine akiuliza vitu asivyovitaka, na hakumchekesha mtu yeyote.

Alirudi alasiri. Kabla hajafika aliona watu wamejaa mwisho wa kituo, na juu yao, pale ambapo siku zote macho yake yalikutana na paa lenye majani, aliona kilima kitupu.

Lilikuwa limevunjwa vizuri, kwa jinsi Bwana Futi alivyofanya kila kitu vizuri. Vyombo vilikuwa vimetolewa kwanza, vimepangwa kando: kitanda, vibuyu, sufuria, picha ya Bikira Maria imelazwa juu ya godoro. Ukuta wa mbele ulikuwa bado umesimama kipande, chenye X. Paa lilikuwa limeingia ndani. Lakini ukuta wa nyuma, ule wa kitandani, trekta ilipousukuma ulikuwa umeanguka upande wa nje. Ulikuwa umemlalia Akonaay. Msalaba haukuonekana. Vijana wawili walikuwa wanafukua kwa majembe, taratibu, wakiogopa kugusa mawe.

Bibi Marieta alikuwa amekaa juu ya figa moja lililotolewa nje, mengine mawili yakiwa mbele yake baridi. Konsolata alikuwa amemshika bega. Mzee Patriki alisimama karibu, na kofia yake mkononi. Nyuma kidogo, akiegemea fimbo, alisimama Gidabuday. Mvua zilikuwa zimejaza matope malisho ya nyanda za chini, naye alikuwa ndiyo kwanza amerudi, ng'ombe wake wakiwa bado njiani kushuka kisimani.

"Shikamoo, Bibi," alisema Xavery. Hakuweza kusema lile neno lingine.

Bibi aliinua uso. "Mume wangu. Umekuja." Alinyoosha mkono, Xavery akachuchumaa, akaupokea. Ulikuwa na udongo. "Watu wako walikuja. Nikawaambia, nyumba hii ina alama, hamwoni? Nyumba hii ina mwenyewe. Yule mwembamba akasema, ndiyo, mama, tumekuja kwa sababu ya hiyo alama. Nikasimama mlangoni. Nikawaambia msubiri, mume wangu yuko Dongobesh, akija atawaeleza. Wakasubiri kidogo. Walikuwa na adabu, wakasubiri. Halafu wakanishika mkono wakanitoa."

Jembe liligonga jiwe, likanyamaza.

"Nimekaa hapa nakumbuka," aliendelea bibi. "Siku ile ulikuja na kikopo, ulisema itavunjwa. Ulisema, na mimi nikacheka. Nimekumbuka leo." Aliushika mkono wake kwa nguvu ambayo Xavery hakuijua. "Hawa wananiambia ulikuwa unajua. Konsolata anasema ulijua tangu mwanzo. Mimi nimewakatalia. Nataka uniambie wewe. Siku ile ulikuwa unajua, au ulikuwa unanitania?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao bibi kumuuliza jambo bila mzaha. Mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa kati yao, ule ambao Xavery alidhani haupo, na alichotakiwa ni kupita tu. Aliwatazama watu. Akautazama ule mkono.

"Nilikuwa nakutania, Bibi," alisema. "Sikujua. Walinituma kuchora tu, hawakuniambia kitu. Ningejua ningekaa kimya? Mimi?"

Uso wa bibi ulilegea. Machozi ambayo alikuwa ameyazuia tangu asubuhi yalishuka sasa, kwa unafuu. Akawageukia watu, akiinua ule mkono wa Xavery juu kidogo, kama anawaonyesha.

"Mmesikia? Niliwaambia. Nyumba ni udongo, nitakwenda kwa Gaudensia, nitakufa huko Gendabi, wenyewe mtanirudisha. Lakini huyu hakujua. Huyu hawezi. Mwacheni."

Konsolata alitazama chini. Mzee Patriki alivaa kofia, akaivua.

Gidabuday alisogea mbele. Watu walimpisha, wakidhani anawafuata ng'ombe. Akasimama mbele ya Xavery, akamnyooshea fimbo, si kwa ukali, kwa namna ya mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ndiye yule yule.

"Wewe," alisema. "Kijana ya rangi. Mimi nataka kuuliza."

"Mzee, siyo sasa," alisema Xavery.

"Pale kisimani. Mimi na ng'ombe. Wewe ulikaa chini." Alikuwa anavuka mto wake wa maneno, jiwe kwa jiwe, na hakuteleza hata mara moja. "Ulisema, ile nyumba watavunja kweli. Si utani. Ulisema, mama hajui. Ulisema, kesho nitamwambia." Akatafuta jiwe la mwisho. "Mimi nilikwenda mbali, nimerudi. Kesho yako haijafika?"

Xavery alifungua mdomo. Ule mdomo ambao haukuwahi kumwangusha, uliompatia mguu wa mbuzi na kazi ya ofisi na sifa za Endagwasi nzima, ulikaa wazi, mtupu. Alihisi mkono wa bibi ukilegea ndani ya wake, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka akabaki ameshika hewa.

Bibi Marieta hakumtazama. Alimtazama Gidabuday, akaufuta uso wake kwa upindo wa kanga, akajiweka sawa juu ya figa.

"Sema tena, baba," alisema. "Polepole. Nisikie yote."

Na Gidabuday akasema tena.